Mama alisindikiza mutoto wake mpaka ku barabara

Leo mama mumoja alitupokea muzuri sana. Mpaka sasa roho inaniuma.

Kwa wenye habajue: natumika ku nyumba ya kanisa yetu, yenye kupokea banaume wenye kutoka buloko, ile gereza, mbele barudie ku ba familia.

Leo Donatien alikuwa anarudia kwa mama yake, mu mutaa wa Katuba, na mi njo nilimupeleka. Tangu asubui anapiga shati pasi. Bintu yake yote alifunga mu sac moya.

Kufika, mama akatutolea biti ya salon. Akatuma balete sucré ya baridi, tukunywe. Akachinja kuku, bandugu, na firigisi akawekea Donatien!

Mi moyoni: Bwana asifiwe, ameisha kumusamehe. Hata maombi yangu ya mwisho aliitikia "Amina" na nguvu.

Kisha akafunga kitambala ku kichwa. Akabeba ile sac ya Donatien, yeye mwenyewe.

"Twende nibasindikize mpaka ku barabara."

Nilizania sikusikia muzuri.

Muliisha kuona wapi mama anasindikiza mutoto wa mu nyumba? Mugeni njo banasindikizaka!

Donatien hakubisha. Alimufuata tu, macho ku sac yake.

Ku barabara mama akamurudishia sac, akamushika mukono, lakini hakumuangalia.

"Usalimie ba kwenu."

"Batasikia, mama."

Tumerudi ku nyumba ya kanisa, Donatien amelala na shati yake ya pasi.

Ninyi munielezee: ba kwabo Donatien ni ba nani?