Nani Atasimama na Khalil

Khalil alikaa miaka minane katika Baraza la Shura la Oman akiwakilisha wilaya ya Amerat, na kwa miaka yote minane mama yake hakuacha kumtania. "Mheshimiwa," Bi Mahbuba humwita kutoka jikoni, "hebu katupe taka, zanuka. Na ukirudi nletee tui la kopo." Mheshimiwa huvaa kandambili akatoka, maana amri za baraza hujadiliwa, za mama hazijadiliwi.

Sitaki kumpamba. Hakuwa msemaji wa kutikisa ukumbi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Ghubra, akapata kiwanja Amerat, nyuma ya majabali, akajenga na kumhamisha mama yake aliyekwisha fiwa na mume. Huko akakuta familia chungu nzima kama yake: nyumba mpya, barabara za giza, na asubuhi kila mtu na gari lake wanapanda mlima mmoja kwenda kazini. Koo za zamani za wilaya zilikuwa na wakubwa zao wa kuzisemea. Hawa waliohamia hawakuwa na mtu. "Mwalimu, we wajua kusema na watu, simama," wakamwambia. Akasimama, akapita, na aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe.

Alileta taa za barabarani. Kituo cha afya kifunguliwe jioni aliomba mpaka sauti ikamkauka, hakupewa. Simu yake haikupumzika: huyu mbuzi wake wamepotea, yule anataka mwanawe asemeshwe akubali kuoa. Alipokea zote, hata za mbuzi.

Lakini jambo alilojulikana nalo hasa ni misiba. Akisikia pahala pana maiti, awe mtu mkubwa au mnyonge, Khalil yuko, na haondoki mpaka wageni wapungue. Kulikuwa na sababu. Baba yake alipofariki, walipokuwa bado Ghubra, waliosimama kupokea mikono ya taazia walikuwa wawili tu: yeye na shemeji yake Safwan, mume wa dada yake Mazoon. Kwenye misiba ya wenzao mstari wa wana, ndugu na binamu hufika mlangoni. Wao jamaa zao wengi walibaki Unguja, wengine wametawanyika huku na huku. Khalil alimsikia mgeni mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mzee huyu hana watu?" Neno lile lilimchoma, na miaka yote halikumtoka.

Uchaguzi wa tatu akapata mpinzani hasa. Saeed alikuwa wa ukoo mkongwe wa hapo hapo Amerat, mtu mwenye maneno matamu na binamu wasiohesabika. Siku moja, mbele ya wapiga kura wake, alisema, "Khalil ni mtu mwema, lakini mkitaka kumwona, mpaka afe mtu." Watu wakavunjika mbavu. Video ikazunguka kwenye simu za wilaya nzima mpaka ikafika kwa Bi Mahbuba.

"Kasema kweli, bwana!" alisema akifuta machozi ya kicheko. "Nawe usinune. Mie hata wasiwasi sina. Nikifa mie nnajua utakuwepo."

Khalil hakucheka. Kuwepo atakuwepo. Lakini siku hiyo nani atasimama naye?

Siku ya kura, ambayo hupigwa kwa simu, Bi Mahbuba alikataa katakata kuionyesha simu uso wake, kama mfumo unavyotaka, mpaka kwanza ajitie wanja. Ilipofika jioni mambo yalikuwa wazi: Saeed ameshinda, tena kwa mbali. Khalil alimpigia simu ya pongezi, maneno machache ya adabu, akakata. Mama akamwekea mbele mkate wa kumimina uliokwisha iva.

"Tunafurahia nini, mama?"

"Nliwaazima watu mwanangu," akasema Bi Mahbuba, "leo wamenrejeshea. Nisifurahi?"

Khalil akaula mkate ule wote, na aliponawa mikono alijiona mwepesi. Ni kitu alichokuja kukishukuru sana baadaye, kwamba walikaa jioni ile wawili, bila ya simu.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, Bi Mahbuba alijinyoosha kupumzika na hakuamka.

Mazoon, macho mekundu, ndiye aliyeuliza la kuulizwa. "Kaka, wanaume watakaa wapi?" Nyumba ilikuwa ya kuwatosha wanawake tu. Sabla ya mtaa, ule ukumbi ambamo wanaume hukutana kwa furaha na kwa misiba, ilikwisha shikwa kuanzia kesho, siku tatu. Saeed alikuwa apokee pongezi humo.

"Mpigie," akasema Safwan. "Hakatai, shemeji."

"Simpigii. Mtu keshanishinda, nikamwombe na ukumbi?"

Akaamuru turubai lifungwe nje ya nyumba. Kiburi kilikuwepo, hilo tulikubali. Lakini na turubai lilimpa nafuu: pale nje, pamebanana, mstari wa watu wawili hautaonekana mfupi sana.

Walimzika asubuhi. Dua ilipokwisha na watu wakijipangusa mchanga, sauti ikasikika nyuma, kwa Kiarabu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Taazia ya mama yetu ni sablani. Wanaume wote, tangu sasa."

Khalil akageuka. Ni Saeed.

"Sabla si yako leo?"

"Halwa yetu haiharibiki, Abu Afra," Saeed akasema, akimwita kwa jina la bintiye mkubwa, kama wanavyoitana majirani. "Itangoja."

Turubai likafunguliwa. Sablani Khalil akasimama mahali pa mwenye msiba, karibu na mlango, na Safwan ubavuni kwake, goti lake bovu likimfanya atafute kiti kwa macho kabla hata mgeni wa kwanza hajaingia. Aliyeingia mwanzo ni Saeed. Akampa mkono, akamwombea marehemu, na badala ya kupita kwenda kukaa, akageuka, akasimama kushotoni kwa Khalil. Wakafuata ndugu zake, nao wakageuka. Kisha binamu. Mstari ukafika pembe ya ukumbi, ukapinda. Safwan akapata kiti chake bila ya mtu kumwona.

Siku tatu walisimama hivyo. Wageni wengine walikuja na majoho na udi, hawana habari, wamekuja kumpongeza mshindi. Mmoja alifika na tabasamu mpaka masikioni, akalikamata neno la "mabruk" mdomoni na kulimeza, akaishia kumwombea maiti asiyemjua. Saeed alimjibu kama wafiwa wanavyojibu, bila ya kucheka, ingawa bega lake lilitikisika kidogo. Khalil aliliona bega lile. Alilia mbele za watu, akamlilia mama yake, akalia na kwa shukrani, wala hakutaka kuyatenga machozi hayo.

Siku ya tatu, vikombe vikikusanywa, akamwuliza, "Kwa nini, ndugu yangu?"

Saeed alitazama chini. "Nilisema huonekani mpaka afe mtu. Niliwachekesha watu, nikafurahi. Nilipopata habari ya mama, nikakumbuka uliposimama mlangoni kwetu alipokufa baba yangu, mpaka kahawa ikatuishia. Nikajiuliza, wewe atakusimamia nani?"

Khalil akamshika mkono, wakatoka pamoja.

Kesho yake Mazoon alimkuta kaka yake anajifunga kilemba mbele ya kioo. "Wenda wapi?"

"Msiba wa wanaume siku tatu. Mama mwenyewe hakupenda mtu wa kununanuna."

Sablani halwa ilikuwa imeshapangwa kwenye masahani. Saeed alimwona anaingia akafungua mikono, lakini Khalil hakukaa. Alisimama kushotoni kwake, akaanza kupokea mikono ya pongezi kama mwenye nyumba.

Alasiri akaingia mzee mmoja wa Unguja, jirani, aliyekuwa akija kuhani msiba tangu siku ya kwanza. Alimpongeza Saeed, akamfikia Khalil, akakishika kiganja chake asijue akifanye nini.

"Sasa we mwanangu nikupe pole au nikupe hongera?"

"Nipe zote mbili, mzee," Khalil akasema. Akautazama mstari ule wa binamu mpaka pembe ya ukumbi, na macho yakamlengalenga. "Watu nnao."