Ofisi ya Wendell Pruitt

Wendell Pruitt alifundisha vyuo vitatu kwa mpigo, na hakuna hata kimoja kilichompa ufunguo wa mlango. Najua, kwa sababu hapa chuo kikuu cha jimbo, idara ya historia, mgawa funguo ni mimi Bernadine, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Msinibishie.

Kwetu watu wana ngazi zao. Profesa kamili anatembea polepole kama mwenye nyumba, na wa chini yake, profesa mshiriki, naye hafukuziki tena. Anayefuata ni profesa msaidizi. Maskini huyo anamchekea kila mtu kwa miaka, akingoja aambiwe kama anabaki au anafungasha. Halafu wako vibarua, ambao hata kwenye picha ya idara hawaitwi. Kibarua hupewa somo la muhula mmoja, na muhula ukiisha na yeye kaisha. Wanafunzi hawayajui hayo. Kwao kila asimamaye mbele ni profesa.

Wendell alikuwa na shahada ya uzamivu sawa na wenzake, lakini kibarua. Asubuhi alikuwa chuo cha kaunti, kile cha miaka miwili, wanakoanzia watoto wa mafundi na wauza duka kwa kuwa ni karibu na kwao. Mchana kwetu. Jioni, chuo kidogo cha kanisa ng'ambo ya mto. Ofisi yake ilikuwa buti ya gari, yenye sanduku la vitabu, tai ya akiba na mfuko wa matufaha. Mwanafunzi akiwa na shida waliketi kwenye benchi kando ya mashine ya soda. Mkewe Arlene alikwisha kufa, na watoto hawakujaliwa. Siku moja nikamwuliza nyumbani anaongea na nani. Akasema na redio, angalau haimkatizi. Nikacheka, kisha roho ikaniuma.

Kwetu alikuwa na somo moja tu, historia ya reli, saa saba mchana. Alilibuni mwenyewe, kwa kuwa babu yake alilaza mataruma ya reli hapa Ohio. Yale mengine aliyafundisha apate kula. Hili alilifundisha apate kuishi.

Basi nafasi ya kudumu ikatokea, profesa mmoja alipostaafu. Wendell akaomba. Hawakumwita hata kwenye usaili. Mkuu wa idara, Haskell, aliniambia wanataka damu mpya. Nikamwuliza hiyo ya Wendell imechakaa kwa kumtumikia nani. Akajifanya kutafuta miwani.

Desturi yetu ni kwamba mwombaji aliyepita mchujo hualikwa siku mbili. Hupokelewa uwanja wa ndege, hulishwa, kisha hufundisha somo la majaribio mbele ya maprofesa wote. Siku aliyofika mwombaji aliyechaguliwa, maprofesa wote ghafla wakawa na shughuli. Haskell akauliza nani ana gari, na Wendell, ambaye "hapana" hakufundishwa kwao, akaenda kumpokea mtu aliyekuja kuchukua nafasi aliyoiomba yeye.

Mgeni akatoka na begi lake, akamkumbatia. Alikuwa Kendra Stoltz, binti wa fundi wa malori. Miaka ile aliketi mstari wa mbele katika darasa la Wendell kule chuo cha kaunti. Wendell ndiye aliyemwambia masomo yake ya miaka miwili yangehesabiwa kwetu, avuke aje amalizie miwili iliyobaki. Akavuka, akapata shahada, akaenda mashariki kwa uzamili na uzamivu. Njia nzima alimwita Profesa, akidhani ni mmoja wa wakubwa wanaomwajiri. Wendell alinisimulia haya mezani kwangu akimenya tufaha.

"Ukamwambia na wewe uliomba?"

"Ili iweje, Bernie? Mtoto ana mtihani kesho."

Kesho yake Kendra alisema mbele ya wote kwamba kuuliza maswali alifundishwa na Bwana Pruitt. Maprofesa wakageuza shingo kumtafuta huyo Pruitt ni nani. Alikuwa nyuma, karibu na mlango, anapiga makofi.

Kendra akapata kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangekuja hapa kwetu waone. Profesa wa kudumu lazima ajaziwe vipindi vyake kwanza, na vikipungua hunyang'anywa kibarua. Vya Kendra vilipungua kimoja. Haskell akampa reli, akamwambia somo liko wazi. Nilimfuata ofisini nikamwambia hilo lina mwenyewe. Akanijibu somo halina mwenyewe, lina ratiba.

Mwezi wa tisa, siku ya kwanza ya masomo, Kendra alikuja kuchukua ufunguo. Alikuwa na furaha mpaka nikashindwa kumtazama. Akaomba simu ya mezani ampigie Wendell, akabonyeza spika ili na mimi nimsalimie.

"Profesa, nimepata ofisi, ina dirisha. Nimekuwekea na kiti chako. Leo unafundisha saa ngapi, tule pamoja?"

Nyumbani kwa Wendell redio ilikuwa inasoma hali ya hewa.

"Saa saba," akasema, kana kwamba somo bado ni lake.

"Aa, na mimi saa saba nina darasa, wamenipa reli. Kumbe tutakuwa jirani. Wewe uko chumba gani?"

"Chumba hicho hicho, mwanangu." Sauti yake haikuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nenda usichelewe. Dirisha la nyuma halifungi vizuri, usiwaache wakae chini yake, watapata mafua."

Kendra alibaki kasimama, ufunguo mkononi. Wendell alikuwa hajakata simu. Tukaisikiliza ile redio, mimi na Kendra, mpaka kengele ya saa saba ikalia.