Dada Yangu Alipoziba Mlango

Dada yangu ni kiziwi tangu utotoni. Alipokuwa mjamzito alikwenda peke yake kliniki karibu na kwetu Junda, akashinda kwenye benchi tangu asubuhi hadi wakafunga. Wagonjwa waliitwa kwa sauti, na jina lake liliitwa likapita. Alirudi miguu imemvimba, kichwa chamuuma.

Kesho yake nilimpeleka mimi. Nilimweleza muuguzi kwamba dada hasikii, tafadhali amguse bega zamu yake ikifika. Muuguzi alilitazama lile tumbo, akamgeukia mwenzake, akacheka.

"Na bubu naye ataka mtoto? Akilia, nani atamsikia?"

Dada husoma midomo. Nilimwona uso ukimbadilika, nami nikashikwa na hasira.

"Wallahi, yote uliyosema ameyaelewa. Mpime!"

"Nendeni mkakae. Hapa si kwenu."

Dada hakukaa. Alisimama katikati ya mlango wa chumba cha daktari, akashika miimo kwa mikono miwili, ikawa haingii mtu wala hatoki. Askari wa getini aliitwa, akakataa kumgusa mwanamke mwenye mimba. Mwisho daktari alitoka amenuna, akampima. Presha ilikuwa juu mno; akaitiwa ambulensi papo hapo.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Muuguzi yule twakutana naye dukani, naye hunisalimu kama jirani mwema. Simwitikii. Dada humkazia macho mpaka ageuze uso, na mimi simwambii dada aache.