Vidole Vitano Langoni kwa Verna

Glenys Pettifer aliwakata nywele watu wa Ballarat kwa miaka arobaini na mmoja. Alipofunga duka alimpa jirani viti na vioo vyote, akabaki na mkasi mmoja na taulo sita. Mkasi huo ndio ulikuwa nauli yake. Kila kiangazi, Krismasi ikishapita na mabaki ya nyama ya nguruwe yakishaliwa, aliingia kwenye gari lake la kambi, lile la kulala na kupika humo humo, akaanza kuwazungukia marafiki wa zamani. Alikuwa akifika, anaegesha uani, anakula chakula chao, kisha anawakata nywele. Wengine walikuwa hawamwendei mtu mwingine mwaka mzima. Walikaa na nywele zao kama manyoya ya kondoo wakimngoja yeye.

Zamani aliyeendesha alikuwa mumewe, Lyall. Glenys alikaa kushoto na ramani mapajani, akizitoa cheri kokwa na kumlisha. Lyall alikufa majira ya baridi, miaka mitatu iliyopita, na watu wakadhani gari litauzwa. Glenys alihamia kiti cha kulia, akajifunza kulirudisha nyuma akiwa na miaka sitini na sita, akaangusha uzio wa watu wawili, akazoea.

Masharti ya Lyall aliyashika yote. Kwanza, kwenye barabara za mashambani ukikutana na gari lazima usalimie, lakini kwa kidole kimoja tu cha shahada, bila kuachia usukani. Kupunga mkono mzima ni mambo ya watalii. Pili, magurudumu yakiwa yanazunguka usiguse ufunguo, abadani. Kaka yake Lyall aliwahi kuuzungusha wote kuzima injini gari likiwa mbioni, usukani ukajifunga, akaenda kuamkia kwenye matawi ya mti. Glenys alikisikia kisa hicho kila kiangazi kwa miaka thelathini.

Asubuhi hiyo ya Januari alikuwa ameamkia kambini, kando ya ziwa lililobaki nusu. Redio ilisema joto litafika nyuzi arobaini na mbili. Siku kama hiyo watu wa kule huweka maji nje kwa ajili ya ndege, maana kasuku huanguka mitini wakiwa wakavu. Glenys naye alijaza beseni. Wenzake waliweka ya kwao mbali, chini ya miti. Yeye aliliweka kivulini, chini ya ngazi ya mlango wa gari, ili awaone ndege huku akinywa chai.

Mzee mmoja wa gari la pili, Noel, alipita na mswaki mdomoni.

"Mama, hilo beseni lisogeze kule mtini."

"Kule siwaoni."

"Hapo utakuja kuona na vingine."

"Nikuone wewe na hiyo kaptula, nini kitanitisha tena?"

Noel alicheka mpaka povu likamdondoka kifuani, akaenda zake. Glenys aliuacha mlango wazi hewa ipite, akaenda kuoga. Aliporudi aliona vumbini, kutoka kwenye beseni hadi kwenye ngazi, alama ndefu ya kitu kilichoburutwa. Akajisemea ni mpira wa maji. Alimwaga beseni, akafunga mlango, akavaa kandambili, akaondoka. Verna Schirmer alikuwa akimngoja saa nne, na Verna hapendi kungojeshwa.

Barabara ya kwenda kwa Verna imenyooka kama uzi. Huku mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, kule mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Ukipita lango la Verna, zinabaki kilomita kumi na nne, kisha barabara inakatwa na barabara kuu ya malori, na pale lazima usimame.

Injini ya gari lile iko chini ya viti, na siku ya joto mtu hukaa kama yuko juu ya jiko. Kwa hiyo Glenys aliwasha hewa baridi ikampulizia miguuni, akaacha kioo cha upande wake wazi upana wa kiganja, akaenda mwendo wake wa sabini. Alikuwa akiimba. Kisha kitu kikapita juu ya mguu wake wa kulia.

Hakikuwa cha baridi, kama watu wanavyosema. Kilikuwa kikavu, kizito, kinakwenda polepole, na kilikuwa hakiishi. Glenys aliinamisha macho tu, kichwa hakukisogeza. Aliona mgongo wa kahawia, unene wa mpini wa ufagio. Umetoka chini ya kiti, umepita juu ya mguu uliokanyaga mafuta, umejikunja penye hewa ya baridi. Kichwa kilikuwa kimelala kwenye kidole chake gumba.

Hapo ndipo akakumbuka kwamba asubuhi ile hakutumia mpira wa maji. Maji aliyachota kwa jagi.

Nyoka wa kahawia anajulikana na kila mtoto wa kule. Mama yake Glenys aliwafundisha kabla hawajajua kusoma: ukimwona, simama, usitikisike, atajiendea. Lakini mama hakusema ufanye nini ukiwa umesimama na huku unakwenda kilomita sabini kwa saa. Akiinua mguu, nyoka ataamka. Akikanyaga breki, nyoka ataamka. Simu ilikuwa kwenye mkoba nyuma, na hata ingekuwa mkononi, barabara ile haina mtandao. Mguu ulianza kumuuma palepale, kwenye uvungu wa wayo, kama mguu wa mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha wateja dukani kutwa nzima.

Mbele kikaonekana kitu kinang'aa. Gari dogo la mizigo, mbwa kasimama nyuma. Glenys aliachia usukani mkono mmoja, akauinua na kuutikisa. Nisaidie. Dereva alimtazama, akainua kidole kimoja, akapita. Mbwa alibweka.

Likaja lori la nafaka. Aliinua mkono tena, safari hii akapanua na mdomo. Dereva wa lori aliinua kidole, akaongeza na tabasamu, vumbi lake likamwingia Glenys kupitia kioo. Ilimbidi azuie chafya. Alizuia mpaka machozi yakamtoka.

La tatu lilikuwa gari la familia linakokota nyumba ya magurudumu. Glenys aliona hakuna tena haya, akabonyeza honi. Honi ilitetemesha sakafu, na kichwa kile kikainuka. Kikasimama upana wa vidole vinne juu ya kandambili, ulimi ukitoka na kuingia karibu kabisa na ngozi ya kifundo cha mguu wake. Watoto wanne wakajazana dirishani kumpungia. Baba yao akapiga honi tatu za furaha.

"Heri ya mwaka mpya, bibi!" alipaza sauti mmoja wao.

Glenys hakupumua. Kichwa kiliyumba, kikashuka, kikalala tena. Alihisi jasho likimteremka mgongoni tone kwa tone, akaogopa hata jasho hilo, lisije likadondoka likamgusa. Alifikiria kuuzima ufunguo, akamsikia Lyall waziwazi: magurudumu yakiwa yanazunguka, usiguse. Akauacha. Alipiga hesabu ya barabara. Kilomita sita hadi kwa Verna. Kisha kumi na nne. Kisha malori.

Lango la Verna lina sanduku la barua lililotengenezwa kwa jokofu bovu. Verna mwenyewe alikuwa pale, kama kila mwaka, ameketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli wa pwani, taulo limekwisha fungwa shingoni. Ana miaka sitini na tisa na sauti ya kuita kondoo. Aliposikia gari alisimama, mikono kiunoni, tayari kumsema mtu kwa kuchelewa dakika tano.

Glenys hakupunguza mwendo. Alipopita alibandika kiganja kizima kwenye kioo, vidole vitano vimetanuka, akamtazama Verna usoni. Kisha lango likawa nyuma. Palepale akaona amekosea, kwamba Verna naye atapunga tu kama wengine, atadhani ni utani, atarudi kukaa. Alitamani kulia na hakuthubutu, maana mtu akilia mwili hutikisika.

Lakini Verna hakupunga. Alimjua Glenys tangu wote wana miaka kumi na tisa. Mwanamke huyu siku ya mazishi ya mumewe, ndani ya gari la kufuata jeneza, aliwasalimu majirani kwa kidole kimoja. Verna alipiga kiti teke, akakimbilia gari lake la shamba, ambalo ufunguo wake haujawahi kutolewa tangu liliponunuliwa, akaondoka nalo na taulo shingoni.

Glenys alilisikia kabla ya kuliona. Likaja upande wa kulia, upande usio wake, likasogea sambamba kama mkono mmoja hivi kati yao. Verna alikuwa ameinamia dirisha la kushoto, nywele zimemsimama.

"Wewe kichaa! Unanipita langoni kwangu unakwenda wapi?"

Glenys alisema bila kusogeza midomo, "Nyoka."

"Nini?"

"Nyoka. Mguuni."

Verna aliacha kupiga kelele. Jambo hilo lilimtisha Glenys kuliko yote, maana tangu amjue hakuwahi kumsikia akinyamaza.

"Wa kahawia?"

"Ndiyo."

"Mguu wa mafuta?"

"Ndiyo."

Verna alitazama barabara mbele, akatazama tena ndani. Zilikuwa zimebaki kilomita nane.

"Sikiliza, mpenzi. Zima ufunguo."

"Lyall alisema..."

"Lyall amekufa na mimi niko hapa! Kaka yake aliuzungusha wote, ndiyo maana usukani ukafunga. Wewe rudisha hatua moja tu. Utasikia mlio mdogo, uache hapo hapo. Kama unavyomkata mtoto nywele za sikioni. Mguu uache ulivyo. Injini ikifa, kukanyaga mafuta hakuna kazi."

"Mkono unatetemeka."

"Basi na utetemeke huko juu, chini ndiko usitetemeke. Usukani utakuwa mzito, usishangae. Na mwishoni, kwa kuwa liko kwenye gia, litakohoa."

"Litamwamsha."

"Huenda," alisema Verna. Hakumdanganya. "Lakini malori hayakohoi, Glenys."

Glenys aliushika ufunguo kwa vidole viwili, kama anavyoshika mkasi. Akasema moyoni, nisamehe, Lyall, akazungusha. Mlio mdogo. Akaacha. Injini ikakatika, na hewa ya baridi ikakatika nayo, na pakawa kimya hata akasikia magurudumu yakila changarawe za kando. Usukani ukawa kama wa jiwe, lakini uligeuka. Sitini. Hamsini. Verna alikwenda naye sambamba akihesabu kwa sauti, kama anahesabu kondoo wanaoingia zizini. Ishirini. Kumi. Gari likakohoa mara moja. Nyoka akajikaza mwili mzima, Glenys akahisi misuli ile ikimbana kifundo. Likakohoa mara ya pili, likasimama.

Verna alishuka kwa soksi. Alikuja pole, akaufungua mlango wa dereva kidogo kidogo hadi mwisho, kisha akarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari lake, akasimama.

"Sasa tunangoja," alisema chinichini. "Hewa ya baridi imekwisha. Humo kutakuwa tanuri, naye anajua kivuli kilipo. Usipepese hata kope."

Walingoja. Nzi alitua kwenye mdomo wa Glenys, akatembea mpaka puani, akarudi. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, hakujua tena kama bado umekanyaga au umeinuka. Alimtazama Verna tu. Verna naye alimtazama yeye, taulo lina maua ya njano, midomo inakwenda bila sauti, na Glenys aliona kwamba rafiki yake anamwomba Mungu, yeye ambaye kanisani huenda kwa ajili ya keki.

Kisha uzito ukaanza kupungua. Haukuondoka mara moja. Ulipita, ukapita, ukapita. Kichwa kilitokea ukingoni mwa mlango, kikaonja hewa, kikamwagika chini kwenye lami, na mwili wote ukakifuata hadi mkia. Aliingia kwenye mabua ya ngano bila haraka, kama mwenye shamba.

Waliyatazama mabua mpaka yakaacha kutikisika.

"Urefu wa mlango," alisema Verna hatimaye.

Glenys alijaribu kushuka, mguu ukamkataa. Verna alimkamata, wakaketi wote wawili barabarani, kwenye kivuli chembamba cha gari. Walitetemeka wakiwa wameshikana, na hapo ndipo Glenys alipolia. Lori lilipita. Dereva aliwaona vikongwe wawili wamekaa chini na taulo, akainua kidole.

Verna alimwinulia cha kwake, kingine kabisa, kile cha katikati.

Jioni hiyo hawakukata nywele. Verna alitoa kila kitu garini, godoro, sufuria, taulo, akagonga kila pembe kwa mpini wa reki huku Glenys amesimama juu ya meza ya uani na viatu vya mpira vya marehemu mume wa Verna. Asubuhi yake Glenys alichukua mkasi. Akauweka. Akauchukua tena.

"Kata," Verna alisema.

"Nitakukata sikio."

"Ninayo mawili."

Akakata. Upande wa kushoto ulitoka mfupi kuliko wa kulia, na Verna alikaa nao hivyo mpaka mwaka uliofuata, hakuuruhusu mkono wa mtu mwingine uuguse. Glenys alikaa kwake siku tisa badala ya tatu. Siku ya kumi alivaa viatu vya mpira vile vile, akainama akatazama chini ya kiti, akatazama tena, akawasha gari. Beseni alimwachia Verna. Langoni, penye jokofu, aliinua mkono kuaga, akatanua vidole vyote vitano, na Verna akaanza kukimbia kabla hajamwona anacheka.