Muguu ya Kamate

Mama Musoki anasemaka kila kitu, isipokuwa kile kinamuuma. Bei ya maharagwe atakuhubiria mupaka usinzie. Lakini bwana yake Kamate, fundi ya viatu, toka tulimuzika hakutaja jina yake hata mara moja. Na siye majirani, kwa heshima, tukanyamaza pia. Heshima ingine ni upumbavu mutupu, lakini njo ile tulikuwa nayo.

Kamate mwenyewe, Mungu amurehemu, alikuwa musumbufu. Hapa mutaani Bigo tunakaa familia sita mu lupango moja, uwanja moja ya kuzungukwa na ukuta, mulango ni moja, na yeye alikuwaka anashonea viatu palepale mulangoni, muguu ya kuume amenyoosha njiani kwa sababu goti ilikatala kukunjika. Asubuhi unaruka ule muguu, magaribi unauruka tena. Nilimuambia, "Papa Kamate, iko siku nitakukanyaga." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ukanyage tu. Utatembea miguu mitupu." Viatu yangu yote ilikuwa kwake.

Miezi tano kisha matanga, Musoki akafunga mizigo arudi Butembo kwa wadogo wake. Gari ilikuwa ya mardi, Jumanne. "Nitabakia hapa na nani?" akaniuliza. "Watu wamemusahau." Nilikasirika, nikaingia kwangu.

Samedi, siku tatu mbele ya ile gari, akakuja Abigaël, binti ya mutaa wa Ngezi anayefundisha vijana kucheza ngoma. Anatengeneza muchezo ya ngoma juu ya namna watu wanapita pahali wanapokaa pamoja. "Musicheze kitu, wamama," akasema. "Muingie, mutoke, kama kila siku. Mimi nitaangalia." Eti kutembea njo kucheza! Basi mimi ni muchezaji toka miaka makumi ine. Tukatembea. Hata jirani yetu Papa Étienne, muzee muzima, alivimbisha kifua kama anaenda kupigwa picha. Musoki alikaa juu ya mizigo yake, anatuangalia kama watu waliorogwa.

Abigaël akapiga makofi, tukasimama.

"Mbona pale mulangoni wote munainua muguu?"

Tukaangalia chini. Hakuna jiwe, hakuna mutaro, ni udongo tu. Siye wa zamani tulijua sababu.

Akamugeukia Gertrude, maana yeye aliruka juu kupita wote. Gertrude alikimbia vita kule Djugu, akapata chumba kwetu mwezi uliopita. Kamate hakumuona hata siku moja.

"Mama, weye unaruka nini?"

"Sijui," Gertrude akasema na haya. "Niliwakuta wanaruka. Nikafikiri ni sheria ya lupango."

Musoki akasimama. Alianza kucheka, machozi ikamutoka akiwa bado anacheka.

"Ni muguu ya bwana yangu," akamuambia Gertrude. "Kamate. Ukuje ukae hapa, nikusemee vile alikuwaka kichwa ngumu."

Alisema mupaka maharagwe yangu ikaungua jikoni.

Mardi, gari ya Butembo ikaenda bila yeye. Gertrude angali anaruka. Lakini siku hizi, kabla ya kuinua muguu, anasemaka kwanza, "Pardon, Papa Kamate."