Daktari aliuliza "hakuna ingine?", mdogo wangu akasema hakuna

Wakuu wa humu, wazee kwa vijana, mulembe, salamu ya kwetu. Hii nasema ni ukweli mtupu. Kama nadanganya, mdomo wangu ikauke leo.

Mimi ni mama mzee wa Buteba, huku Busia ya Uganda. Shule sikukanyaga. Naongea tu, simu inaandika yenyewe. Ikiandika vibaya mcheke simu.

Mimi kazi yangu ni kuiga watu. Polisi wa hapa mpakani, padri, mkwe wangu akikoroma. Mwenyewe akinisikia anashtuka.

Sasa mdogo wangu Taaka alianza kutoka damu. Mwanamke wa miaka yetu, damu ya nini? Aliniambia mimi peke yangu. Nikamburuta mpaka hospitali moja kule Tororo.

Tulikaa kwa benchi masaa. Mlango ya daktari iko wazi kidogo, sauti zote zinatoka. Wakuu, wagonjwa ni wengi lakini maneno ni ile ile, na kila bibi anaitwa jaja!

"Jaja, uko aje?"

"Niko salama, daktari. Na kwako nyumbani?"

"Wapi inauma?"

"Mgongo kidogo."

"Sawa. Hakuna ingine?"

"Hakuna."

Hiyo "hakuna ingine" anasema akiwa anaandika, macho kwa karatasi, mkono ingine inavuta faili ya mwenzako. Nani atasema iko?

Na sisi huku, ugonjwa ya aibu haitoki na salamu. Unauliza watoto, unauliza mbuzi, unasema mgongo. Ile yenyewe unaitoa mwisho kabisa, umeshasimama, mkono kwa mlango. Kwetu kila mtu anajua kukungoja hapo mlangoni.

Daktari hajui.

Taaka akaingia. Mimi nikabaki nafurahisha benchi. Nikaiga daktari, nikaiga jaja: "Hakunaaaa!" Mama mmoja alicheka mpaka akashika tumbo.

Katikati ya hiyo kicheko Taaka akafika mlangoni. Akasimama. Mkono kwa mlango, amegeukia daktari, mdomo imefunguka. Nilimuona na macho yangu.

Akasikia benchi inacheka. Akafunga mdomo.

"Next!"

Njiani nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimesema mgongo."

Nikamtukana, lakini sikumrudisha. Jua ilikuwa kali. Tukasema tutakuja siku ingine. Siku ingine ikawa baada ya mavuno, halafu baada ya mvua.

Daktari wa pili, mwanamke, alipima kila kitu. Kansa, na imetembea mwilini. Akasema, "Mngekuja mapema, mama."

Nikamwambia, "Tulikuja."

Wakuu, nimejifunza hii moja tu, na haitanisaidia tena. Ukiingia kwa daktari, tupa ugonjwa kwa meza mbele ya salamu. Akuone huna adabu, shauri yake. Na wewe daktari uko humu, weka kalamu chini kwanza ndio uulize. Mgonjwa akisimama mlangoni, ngoja kidogo. Ndio anaanza kuongea.

Na nyinyi, hiyo maneno ya aibu mnaisemaje kule ndani? Andikeni, simu itanisomea.

Taaka amelala hapa ndani kwangu. Wageni wanamuuliza uko aje, anasema salama.

Leo asubuhi ameniomba, "Dada, niigie yule daktari, nicheke kidogo."

Nimefungua mdomo. Sauti imekataa kutoka.