Tumbo la Breindel

Breindel alikuwa anaosha na kuchana mawigi ambayo wanawake walioolewa wa Bnei Brak, mji wa Wayahudi washika dini huko Israeli, hufunikia nywele zao, kwenye kachumba nyuma ya jiko lake. Tumbo lilipoanza kujaa, wateja ndio waliliona kwanza.

"Shoga, umri huo na bado unazaa tu?" Hadasa akamcheka. "Mwache mumeo apumue!"

"Wivu huo," Breindel akamjibu, kitana hakijasimama.

Hakuwa na mimba. Mama yake alizikwa na tumbo kama hilo hilo, na ukoo mzima ukasema kafa kwa ugonjwa wa moyo. Miaka mingi nyuma daktari alimwambia wazi: kuna kasoro ya jeni mnarithishana, nyinyi Wayahudi wa asili ya Ulaya mnayo zaidi ya wengine. Pima damu. Ukikutwa nayo, tunatoa ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, kabla saratani haijaanza.

Lakini mtaani kwetu mshenga akija, cha kwanza anauliza magonjwa ya ukoo. Breindel ana mabinti. Akasema, binti yangu Perel akishaposwa nitapima. Ujinga wetu ndio huo: tunaficha ugonjwa watoto waolewe, halafu tunawaoza na ugonjwa wao.

Alipokuja kwenda hospitali, saratani ilishasambaa. Aliyemsindikiza ni Perel mwenyewe.

Jioni ya uchumba, wageni wakiwa sebuleni, Perel akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, nami nataka kupima."

"Utapima ukishaolewa."

"Si ndivyo ulivyosema na wewe?"

"Punguza sauti! Mama mkwe wako yuko hapo mlangoni."

"Mama, unakufa."

"Basi nife umeshaolewa. Beba hiyo sahani."

Kwa desturi, mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wanashika sahani moja na kuiangusha pamoja ivunjike. Tsirl, mama wa kijana, aliona sahani inainama upande wa Breindel.

"Kaza mkono, mjamzito! Au mtoto kakumaliza nguvu?"

Sebule nzima ikacheka. Breindel naye akacheka. Sahani ikapasuka, watu wakapiga kelele za hongera, "Mazal tov!"

Gitla, mdogo wake Perel, akawahi kuokota kipande, maana msichana mwenye kipande ndiye anayefuata kuposwa. Akakiinua juu, mama yake akione.

Perel akamtazama Gitla, kisha mama yake. Alikuwa anataka kusema. Breindel akamtikisia kichwa: usithubutu, mdogo wako bado hajaposwa.

Perel akainama kuokota vipande vilivyobaki.

"Mtoto anapiga teke?" Tsirl akauliza, akaweka kiganja tumboni kwa Breindel.

"Sana," Breindel akasema.